Sauti Nyuma ya Kitenge

Asukile hakuwa na gari, wala pikipiki. Hakuwa na nyumba. Alikuwa na chumba cha kupanga Iyunga, ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Hakuwa na shamba la parachichi kama vijana wenzake wa Rungwe ambao siku hizi wanaitwa mabosi. Hakuwa na mama, maana mama yake alikuwa amelala kaburini nyuma ya nyumba yao ya Uyole. Hakuwa na dada wa kumlainishia maneno kwa baba, wala kaka mkubwa wa kumtangulia. Hakuwa na kazi ya kudumu, kwa sababu mtafiti msaidizi hula maadamu mradi unakula. Hata suti hakuwa nayo. Ile ya mahafali alikuwa ameiazima, na mikono yake ilikuwa mifupi.

Hayo yote Faustina Kikoti aliyajua, na alimpenda hivyo hivyo. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho Asukile hakuwa nacho, na hicho ndicho kilichomnyima Faustina usingizi. Asukile hakuwa na ujasiri wa kumwambia baba yake ile sauti ni ya nani.

"Umemwambia?" Faustina aliuliza alipoingia maabara. Hata salamu hakutoa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na chuo kilikuwa kimya. Mezani palikuwa na saketi, nyaya za rangi rangi, na chuma cha kulehemu ambacho Asukile alikuwa amekisahau kikiwaka.

"Bado," alijibu.

"Asukile!"

"Nitamwambia leo. Nakuahidi."

"Ulisema hivyo Jumapili, tena mbele ya kanisa. Leo Mzee Shedrack anapeleka barua ya posa kwetu Ilula, na wewe bado unaniambia bado?"

"Barua imeandikwa vizuri, Fau. Imetaja jina lako, imetaja wazazi wako. Baba ameshakubali nioe Mhehe."

"Amekubali Mhehe asiyemjua. Hajakubali anayemwamkia kila siku akiwa na shati la kulalia!"

Asukile alizima chuma cha kulehemu ili apate pa kutazama. Alikuwa kijana mwenye macho ya upole, lakini sasa macho hayo yalimkimbia Faustina.

Ni vizuri msomaji aelewe jambo lilivyokuwa. Vijana hawa wawili walikuwa wakifanya utafiti wa visanduku vya kupimia presha majumbani kwa wazee. Asukile ndiye aliyeunda kisanduku chenyewe: mkanda wa kuvaa mkononi, vihisi vinavyosikia damu inavyogonga ndani ya mshipa, na kipande kidogo cha elektroniki kilicho kama ubongo wa chombo. Faustina ndiye aliyeandika programu ya maongezi, yaani kisanduku kiseme nini, kingoje nini, na kijibu nini mzee akisema ndiyo au hapana. Ilihitajika sauti ya mtu. Faustina alijifungia chumbani, akajirekodi. Akajifunza hata salamu ya Kinyakyusa, akaitamka kwa lafudhi yake ya Iringa: "Mugonile, tata?" yaani, umeamkaje, baba?

Wakati huo hawakuwa wachumba. Walikuwa watu wawili wanaogombania kiti karibu na hita.

Kisha Mzee Gwakisa, baba yake Asukile, akaanguka shambani kwa presha. Hospitali wakamwambia apime kila siku na anywe dawa kila siku. Mzee akasema hawezi kuishi kama saa ya ukutani. Asukile akampelekea kisanduku kimoja. Kilipomwamkia kwa ile sauti, mzee alikunja shati, akatoa mkono. Tangu siku ile hakukosa kipimo wala dawa. Kisanduku alikiita Binti.

Ndipo mapenzi yakaingia, na pamoja nayo ikaingia mila. Kwa Wanyakyusa wa kale, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawazungumzi. Mkamwana akisikia kikohozi cha mkwe njiani, huacha njia akajibanza kwenye migomba mpaka apite. Vijana wengi wameiacha mila hiyo. Mzee Gwakisa hakuiacha. Mkewe, katika maisha yake yote, hakuwahi kumtazama usoni babu yake Asukile.

"Tubadilishe sauti," Faustina alisema kwa unyonge. "Tumtafute dada mwingine. Faraja yule wa mapokezi."

"Si nilijaribu kuweka yangu? Alikifunika sufuria. Akasema hakuzaa mtoto ili aje kuamrishwa naye kutoka kwenye boksi. Tulipompima, presha ilikuwa imepanda kuliko siku aliyoanguka."

"Kwa hiyo nikiolewa kwenu, mzee ataizima sauti, ataacha dawa. Na nisipoolewa, atapona." Faustina alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mama kapiga simu jana. Baba anasema barua isipofika leo, kesho baada ya misa anawapokea watu wa Jofrey."

"Jofrey yule mhasibu wa Mgololo?"

"Huyo huyo. Baba anasema Jofrey hana migomba ya kumficha mtoto wake. Unajua alivyosema? 'Binti nimemsomesha mpaka chuo, aende kuchuchumaa vichakani kama kanga?' Sikuwa na jibu, Asu. Una jibu wewe?"

Asukile aliuchukua mkono wake, naye hakuuondoa. Walisimama hivyo, na nje mvua ya manyunyu ya Mbeya ikaanza kugusa bati.

Faustina ndiye aliyegeuka kwanza kuitazama kompyuta. Kila asubuhi visanduku vyote hutuma vipimo vyake pale, mstari kwa mstari. Mstari wa Mzee Gwakisa ulikuwa mtupu.

"Asu, njoo uone. Kimemwamkia. Kimemwamkia tena. Hakuna mkono."

"Labda yuko bandani kwa ng'ombe."

"Siku zote ng'ombe wanamngoja yeye amalize. Mpigie."

Simu ya mzee iliita mpaka ikakata. Asukile akapiga tena. Akampigia Mzee Shedrack, mshenga, ambaye asubuhi ile alikuwa apite kwa mzee kuchukua sahihi. Simu yake haikupatikana. Asukile alichukua koti lake, akalivaa bila kuona kwamba amelipindua.

"Nakuja," Faustina alisema.

"Huwezi kuingia pale."

"Mimi bado si mkamwana wa mtu. Mimi ni mtafiti, na kile ni kifaa changu. Kama mzee ameanguka, nitakaa chuoni nikihesabu nyaya?"

Walichukua bajaji. Njia nzima Faustina aliomba kimyakimya kwa rozari iliyokuwa mfukoni, na Asukile alikuwa akibonyeza simu isiyojibiwa. Karibu na mizani ya malori Asukile alisema, "Kama amekufa bila kujua, Fau, nitaishije?" Faustina alimgeuzia kola ya lile koti, akamwekea vizuri.

Walimkuta Mzee Shedrack amekaa nje kwenye gogo, kofia mikononi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mzee wa kanisa la Moravian, na kumwona amenyamaza kuliwatisha kuliko kilio.

"Shikamoo, baba. Mzee yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko ndani, mzima." Shedrack alimtazama Faustina, akatazama chini. "Wanangu, nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

"Nimekuja na barua yangu safi, nimekaribishwa, nimekaa. Mara ile boksi yenu ikasema, 'Mugonile, tata?' Mimi huyu bibie si nimezungumza naye juzi, nikamwuliza majina ya wajomba? Nikaruka: 'Eeh, Mzee Gwakisa, mkamwana wako amekwisha kuhamia na barua bado haijaondoka?' Nilidhani natania!"

"Akasemaje?"

"Hakusema. Kaitupia boksi koti lake la mvua, kakaa kaipa mgongo. Mimi kanifukuza. Basi za Iringa zinapita tu hapo barabarani, barua iko hapa mfukoni, haina sahihi."

Faustina alijiondoa taratibu akaenda nyuma ya jiko, mahali ambapo dirisha la sebule lilikuwa karibu lakini ukuta ulimficha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Asukile alipomwona akisogea ubavu ubavu kama mwizi, alishikwa na aibu ambayo hakuwahi kuijua.

Aliingia ndani. Baba yake alikuwa amekaa wima, mikono juu ya fimbo. Nyuma yake, juu ya stuli, kilima kidogo cha koti la mvua.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia.

"Baba, nilitaka kukwambia."

"Lini? Kwenye mazishi yangu?"

"Niliogopa utaacha dawa."

"Uliogopa." Mzee alilitafuna neno hilo. "Asukile, mimi nimemwonyesha mtu yule mkono wangu, sawa. Mkono ni mkono. Lakini nimeongea naye! Nimemwambia habari za jipu langu. Unajua lilikuwa wapi lile jipu?"

"Najua, baba."

"Nimemwimbia! Mkamwana wangu nimemwimbia nyimbo za kitabu kizima, na meno nimeyaweka kwenye kikombe!"

Huko nyuma ya jiko Faustina aliuma ncha ya mtandio wake. Hakujua kama anazuia kicheko au machozi.

"Haisikii, baba. Inasikia ndiyo na hapana tu. Mengine yanapita."

"Wewe unajuaje inachosikia? Ni wewe uliyeifundisha kusikia?"

Asukile alisita. "Hapana. Ni yeye."

"Basi kamwulize yeye." Mzee aliinua fimbo, akaielekeza ukutani, mahali hasa ambapo Faustina alikuwa amesimama. "Nimesikia hatua za viatu vya kike hapo nje. Mimi presha ninayo, masikio hayajafa. Kamwulize: alinisikia au hakunisikia?"

Asukile alitoka. Alimkuta Faustina amesimama na uso uliopauka.

"Mwambie hukusikia," Asukile alinong'ona. "Ni kweli karibu yote. Maneno hayahifadhiwi."

"Hayahifadhiwi sasa. Mwezi ule wa kwanza yalihifadhiwa. Tulimwambia, akasema sawa bila kusikiliza. Bila sauti zile kisanduku kisingeweza kuijua ndiyo yake."

"Ulizisikiliza?"

"Nilikata vipande vya ndiyo na hapana, nikafuta vingine bila kusikiliza. Isipokuwa kimoja."

"Fau, tafadhali. Basi linaondoka. Baba yako anangoja. Sema hukusikia, saini itiwe, mengine tutayasema tukishaoana."

Faustina alimtazama muda mrefu. Katika mtazamo ule kulikuwa na mapenzi, na kulikuwa na kitu kingine ambacho Asukile alikiogopa zaidi ya fimbo ya baba yake.

"Kile kisanduku kinamwambia mzee ukweli kila asubuhi kwa sauti yangu," alisema. "Presha ikipanda, namwambia imepanda. Leo niingie nyumba hii kwa uongo, na kesho nikimwambia anywe dawa, ataniaminije? Mwambie nilimsikia mara moja. Alikuwa akizungumza na marehemu mama yako. Alisema, 'Mama Asukile, usinione mkosaji. Ni furaha tu. Nyumba imepata tena sauti ya mwanamke.' Kisha akalia. Nilikifuta kile kipande, na sijamsimulia mtu mpaka leo, hata wewe. Uliniuliza kwa nini nilikukubali ghafla baada ya kukuzungusha. Sababu ndiyo hiyo. Niliipenda nyumba kabla sijakupenda wewe."

Asukile alirudi ndani. Aliyasema yote kama alivyoambiwa, hakupunguza, hata yale maneno aliyoambiwa mama yake.

Mshipa wa shingo ya Mzee Gwakisa ulikuwa ukiruka. Aliweka kiganja kwenye paji la uso, akafumba macho.

"Baba?"

"Kichwa kinagonga."

"Baba, tupime. Nakuomba."

"Nyamaza, nafikiri."

Asukile alipiga magoti. Alikuwa amesoma vitabu vingi juu ya vihisi, na alijua kuunda chombo kinachosikia damu ya mtu, lakini mbele ya kichwa kile cheupe alikuwa mtoto mtupu anayeogopa kubaki yatima. Nje, Mzee Shedrack alikohoa. Mbali barabarani honi ya basi ililia ikapita, na kila mmoja wao aliisikia.

"Kwenye sanduku la mama yako," mzee alisema mwishowe, "kuna kitenge cha bluu. Kile cha harusi ya shangazi yako. Kilete, na kamba, na misumari miwili."

Asukile hakuuliza. Alileta. Baba yake alisimama kwa shida, akamwelekeza kwa fimbo: msumari hapa, mwingine pale, kamba ivutwe isilegee. Kitenge kikaning'inia katikati ya sebule kama pazia, upande mmoja stuli na kisanduku, upande wa pili kiti cha mzee. Kisha akaamuru koti la mvua liondolewe. Akakaa, akakunja shati, akapitisha mkono chini ya kitenge.

"Nivishe mkanda. Bonyeza."

Asukile alivisha, akabonyeza. Mashine ilivuma kidogo.

"Mugonile, tata?" sauti ilisema nyuma ya kitenge.

Mzee Gwakisa alifungua kinywa, akakifunga. Alikuwa amezoea kujibu kwa hadithi ndefu. Safari hii aliinamisha kichwa tu, kwa heshima, kama mtu anavyopishana na mke wa mwanawe njiani.

Mkanda ulijaa, ukabana, ukalegea.

"Baba, presha imepanda," sauti ilisema taratibu. "Usisimame haraka. Umekunywa dawa?"

"Hapana," mzee alisema, na lilikuwa neno moja, moja ya yale mawili yanayosikika.

"Tafadhali kunywa sasa. Nitakupima tena baadaye."

Asukile alileta maji. Mzee alimeza dawa zake, akajifuta mdomo, akaita kwa nguvu, "Shedrack! Ingia na hiyo barua yako kabla hujaikunja kunja!"

Shedrack aliingia, akaona kitenge, akaona mkono, akasimama mlangoni.

"Mzee Kikoti anasemaje kuhusu sisi?" mzee alimwuliza. "Na usinifiche. Leo nimefichwa vya kutosha."

"Anasema... anasema binti yake atafanywa kanga wa kwenye migomba."

"Ana haki. Hata mimi ningesema. Nipe kalamu."

Aliiweka barua juu ya kitabu cha nyimbo, mapajani. Ilikuwa barua nzuri, yenye maneno ya adabu kuhusu ua lililoonekana bustanini. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu anayebonyeza kalamu kama jembe, mzee aliongeza yake. Asukile aliyasoma juu ya bega lake, na herufi zikaanza kuogelea machoni.

*Ndugu yangu Kikoti. Mila yetu siivunji, nimezeeka nayo. Lakini mila haikutaja ni nani kati yetu ajifiche. Binti yako atapita njia kubwa, kichwa juu, atakwenda kazini kwake na kurudi. Atakayekaa nyuma ya pazia ni mimi. Pazia tayari nimelitundika.*

Akatia sahihi.

"Baba," Asukile alianza.

"Wewe sijamaliza na wewe. Nenda kamwambie mtafiti wako kwamba presha imepanda kwa ajili ya mwanangu, si kwa ajili yake. Na mwambie habari ya jipu asiiweke kwenye utafiti."

Asukile alitoka mbio. Nyuma ya jiko Faustina alikuwa ameegemea ukuta, simu mkononi. Kipimo cha mzee kilikuwa kimefika hapo kabla ya habari nyingine yoyote.

"Iko juu, Asu," alisema. "Lakini mkono umekuja."

"Na sahihi imekuja."

Faustina alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Asukile alitaka kumkumbatia, akakumbuka dirisha, akasimama karibu naye kiasi cha mikono yao kugusana.

"Bado baba yangu," Faustina alisema ndani ya viganja. "Bado Ilula. Akikataa?"

"Atasoma."

"Na akisoma akakataa?"

Kupitia dirishani walimsikia Mzee Gwakisa akigomba na Shedrack juu ya bahasha: usiikunje, usiilambe kama mbuzi, niletee ile gundi ya Asukile ya kubandikia nyaya. Gundi ilipatikana. Mzee aliipaka kwenye ukingo wa bahasha kwa kidole, akaifunga, akaiweka chini ya kitabu cha nyimbo, akaikandamiza kwa viganja vyote na kungoja ishike. Mkanda ulikuwa bado mkononi mwake.

Shedrack aliitia barua mfuko wa ndani wa koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alipopita jikoni alimvulia Faustina kofia, akaongeza mwendo kushuka barabarani. Basi la Iringa lilikuwa likishuka kutoka mjini, taa zimewashwa kwenye manyunyu. Walimwona akiinua mkono. Walimwona akipanda, kiganja kimoja kikiwa kimebana kifua pale barua ilipolala, kisha mlango ukafungwa na basi likaondoka kuelekea Ilula.